Shamba la Tatu Kushoto

Mwalimu Hosea ameniomba niandike kurasa chache kwa ajili ya walimu wapya wa idara, wazisome kabla hawajaanza kufundisha kwa picha za simu. Ananiita mwanzilishi. Amesahau kwamba mwanzilishi huyo alikuwa akitetemeka vidole, na yeye ndiye aliyekuwa akinishikia simu. Nimekubali kwa sharti moja: nitaandika jinsi nilivyoogopa. Mambo ya vyeo hayamo humu. Anayeyataka, faili langu lipo utumishi, linaliwa na mende taratibu. Majina ya watu nimeyabadilisha, hata la Hosea, ingawa mwenyewe angependa libaki.

Kwanza mnifahamu. Mimi ni mwoga, na sikuanzia uzeeni. Nilizaliwa Lushoto, nikasomea mimea kwa sababu mimea hukaa pale ulipoiacha. Barua ya kupangiwa kazi iliposema chuo cha ualimu Kasulu, karibu na mpaka wa Burundi, nililia mbele ya mama yangu kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano, naye akanifungashia mashuka manne mazito, kana kwamba huku hawauzi mashuka. Siku ya kwanza darasani wanafunzi arobaini walinitazama kimya, nikadhani wamenichukia. Ilinichukua muhula mzima kuelewa kwamba wengi wao nyumbani wanasema Kiha, Kiswahili wamekikuta shuleni, na mtu mwenye adabu huku hakurupuki kumjibu mwalimu.

Aliyenitoa ule woga mdogo, woga wa kazi, alikuwa Mzee Ntahondi, fundi wetu wa maabara. Hakuwa na shahada, alikuwa na vidole. Alinifundisha kukausha mimea kwa namna ambayo sikufundishwa popote: jani moja ulilaze uso juu, jingine mgongo juu, ua ulipasue, gazeti ulibadilishe kila asubuhi mpaka lisitoe unyevu, fremu za mbao uzibane kwa mpira wa tairi, maana kamba hulegea. Magazeti yenyewe yalikuwa ya zamani, na nakiri kwamba habari nyingi za nchi hii nimezisoma zikiwa zimelaliwa na majani kwa miaka mitatu. Baada ya kukausha ilikuja lebo. Lebo ya Mzee Ntahondi ilikuwa na mistari minne: jina la mmea kama wenyewe wanavyouita, mahali ulipotoka, tarehe, na jina la mtu aliyekuonyesha. Kwenye mahali hakukubali uandike Kasulu tu. Alitaka kijiji, njia na alama ya kukumbukia, nyuma ya josho au karibu na daraja la miti, ili mtu mwingine akienda aukute mmea uleule. Mstari wa nne aliuheshimu kuliko yote.

"Usipomwandika aliyekuonyesha," aliniambia, "umeiba shambani kwa mtu."

Niliishika sheria hiyo maisha yangu yote ya kazi. Nimekata alama watoto wa watu kwa sababu ya mstari mmoja uliokosekana, na nimewahi kumrudisha mwanafunzi hadi Kibondo akaulize jina la bibi aliyemwonyesha mzizi. Walininung'unikia mpaka wakachoka. Nilijiona natenda haki, na kwa miaka mingi ilikuwa haki kweli.

Mzee Ntahondi alistaafu, baadaye akafariki, na chumba cha mimea iliyokaushwa kikabaki mikononi mwangu. Masika moja, tukiwa likizo, bati liling'oka upande wa makabati. Niliporudi nikavuta droo ya kwanza, karatasi zote zilikuwa zimeota ukungu. Ya pili ilikuwa na mchwa. Nilikaa sakafuni nikalia, na sioni aibu kusema hivyo. Hosea, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa, alichuchumaa karibu nami akasema tungekuwa tunapiga picha na kuziweka mtandaoni, mchwa hawafiki huko. Nilimwambia atoke nje. Wiki iliyofuata nikamwita.

Alitufungulia ukurasa kwenye mtandao mmoja wa picha, ule ambamo vijana huonyeshana viatu na sahani za chipsi. Mpango ulikuwa rahisi. Mwanafunzi akienda kwao anapiga picha ya mmea, anaiposti kwenye ukurasa wa darasa na maelezo chini yake, wenzake wanaandika komenti, na kipindi kinachofuata tunazitazama ukutani kwa projekta na kubishana. Siku ya kwanza niliingia na simu mpya mkononi na jasho mgongoni. Niliogopa kubonyeza. Niliogopa hasa picha zangu za harusi ya binamu zisije zikatokea ukutani, na moja ilitokea kweli, nikiwa katikati ya kucheza. Wale wanafunzi wakimya walicheka mpaka wakashikana mabega.

Niwape ya kazi, maana mtayahitaji. Pigeni picha asubuhi, kabla jua halijawa kali. Wekeni kalamu pembeni ya jani ili ukubwa wake uonekane. Picha ziwe tatu: mmea mzima, jani mbele na nyuma, na tawi likiwa limeshikwa mkononi, kwa sababu mkononi ndipo utakapoona majani yanavyoning'inia. Bando la mmoja linatosha wanne wakikaa pamoja. Mtandao hushika vizuri kule juu kwenye tangi la maji, na ukungu ukishuka msihangaike, subirini. Nami chini ya kila picha nilidai lebo, mistari minne. Niliihamisha kama ilivyo bila kufikiri hata dakika moja. Lebo za Mzee Ntahondi zilikaa kwenye droo, na ufunguo wa droo niliuvaa shingoni. Ukurasa huu haukuwa na ufunguo. Hosea aliuacha wazi kwa makusudi, wakulima na wanafunzi wa vyuo vingine nao wachangie, na mimi nilifurahi.

Sitaki msome haya mkadhani kazi haikufaa. Ilifaa mno. Waliokuwa hawafungui mdomo darasani waliandika komenti ndefu, kwa Kiswahili, kwa Kiha, na mmoja aliyesoma karibu na kambi ya wakimbizi aliandika kile Kiswahili cha Kikongo chenye Kifaransa ndani. Tulibishana mti mmoja una majina mangapi kutoka Mabamba hadi Kasulu. Watu wasiotufahamu walitutumia picha za kwao. Nilianza kuufungua ukurasa kabla hata ya kunywa chai, kuona nani ametusifia. Hapo ndipo mtu mwoga alipoacha kuogopa, na ninawaambia huo ulikuwa wakati mbaya wa kuacha.

Goreti alikuwa mwaka wa pili. Babu yake alivuka kutoka Burundi zamani, na sasa familia ni raia. Baba yake hutunza karatasi za uraia ndani ya mifuko miwili ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine. Wanalima muhogo na maharage upande wa Kitanga. Alikuwa msichana mtulivu mwenye macho makali ya kuona majani. Aliposti picha ya umubirizi, ule mti mchungu unaopandwa kwenye uzio, ambao watu huchemsha majani yake kwa maumivu ya tumbo. Ilikuwa picha bora ya muhula ule. Mkono wa mwanamke umeshika tawi, mwanga wa asubuhi unapita katikati ya majani, na mkono wenyewe hauna vidole viwili vya mwisho. Uso haukuonekana. Chini yake Goreti aliandika jina la mmea, tarehe, na neno Kasulu, basi.

Nilimsimamisha mbele ya wenzake. Nilimwambia sampuli isiyo na mahali ni jani tu, na kazi isiyo na jina la aliyeonyesha ni wizi.

"Madam, mwenye shamba hapendi kuandikwa," alisema.

Nikamjibu kwamba wote husema hivyo kwa unyenyekevu, na kwamba kumwandika ndiyo kumheshimu. Goreti akatazama meza. Hakuna binti wa huku anayeweza kueleza mambo ya ndani ya ukoo wake mbele ya watu arobaini, na mimi niliyekaa huku miaka yote hiyo nilipaswa kulijua hilo. Nilimpa mpaka jioni, la sivyo sifuri. Jioni neno Kitanga lilikuwa limeongezwa, na mstari wa nne ukasema: mama yangu mdogo. Jina hakuweka. Nilimpa tisa kwa kumi. Moja nilimkata kwa sababu kalamu ilifunika kikonyo cha jani.

Siku mbili baadaye, mtu asiye wa darasa aliandika chini ya picha ile. Akaunti yake ilikuwa na picha ya ng'ombe. Kwa maneno ya adabu alisema uzio wake umekufa, anatafuta vipande vya umubirizi vya kupanda, na kama inawezekana aelekezwe shamba hilo lilipo. Mkulima, nikajiambia. Huyu ndiye tuliyemfungulia ukurasa. Nyuma ya ule mkono lilionekana paa la kanisa, na njia za Kitanga mimi nimezikanyaga kwa miguu nikitafuta mimea, uzio ule niliukumbuka. Sikumuuliza Goreti. Niliandika mwenyewe, kwa kidole changu, kwamba ukishuka sokoni ufuate njia ya kanisa, ukishalipita uhesabu mashamba, ni shamba la tatu kushoto. Akajibu: "Asante sana mwalimu. Unaeleza vizuri." Natamani ningeweza kusema kwamba moyo ulishtuka. Nililala usingizi mzuri.

Kesho yake nikayaonyesha maandishi hayo ukutani, yawe mfano wa darasa kuwafaa watu wa nje. Goreti alisimama akatoka bila ruhusa. Nilimfuata nikiwa na hasira, nikamkuta kwenye korido ameegemea ukuta.

"Huyo wa ng'ombe ni mume wa mama mdogo, yule ng'ombe wake namjua," alisema. "Vile vidole ni yeye alivikata. Tumemficha miaka miwili, Madam, na wewe umemwelekeza."

Yaliyobaki aliyasema kwa vipande. Mama yake mdogo, nitamwita Speciosa, aliolewa na mchuuzi wa mpakani Mabamba. Alimpiga miaka mingi, na siku ya mwisho alichukua panga. Speciosa alikinga kichwa kwa mkono. Alipotoka hospitali, ndugu zake walieneza kwamba amekwenda Shinyanga kwa watu wa kanisa, kumbe walimlimia kipande cha shamba Kitanga na kumjengea chumba kimoja. Alikubali mkono wake upigwe picha akiamini mkono si uso. Yule mwanamume aliutambua kwa sababu ile ilikuwa kazi yake.

Nilimwita Hosea. Hosea alifuta picha na kuufunga ukurasa pale pale kwenye korido, lakini alijua, na mimi nikajua, kwamba tunafunga mlango wa nyumba iliyokwisha kuingiwa. Mtu alikuwa na maelezo yangu tangu jana, na kutoka Mabamba si mbali kwa mwenye pikipiki.

Tulikwenda na pikipiki ya Hosea, watatu, mshikaki, kinyume cha sheria na cha umri wangu. Njia nzima nilihesabu kila pikipiki iliyotupita. Kila aliyevaa kofia nilimwona ndiye, ingawa sura yake sikuwahi kuiona. Ya ng'ombe ndiyo niliyoijua. Sokoni Kitanga tulishika njia ya kanisa, na nikajisikia nikifuata sauti yangu mwenyewe: pita kanisa, hesabu, moja, mbili. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Sufuria ya maharage ilikuwa jikoni, maji yamekauka, maharage yameanza kuungua. Hapakuwa na mtu. Goreti aliita mara moja. Mimi nilisimama kwenye uzio ule wa umubirizi nikiogopa kuingia, kwa sababu nilikuwa na hakika nitakachokikuta chini. Hosea ndiye aliyeingia. Alitoka akatikisa kichwa, hamna kitu.

Tulimkuta bondeni, magoti ndani ya maji, anavundika muhogo. Maharage aliyasahau, alikuja kugeuza muhogo akakawia. Nilitaka kumkumbatia mtu nisiyemfahamu. Goreti alimweleza kwa Kirundi, haraka, na nikaona macho ya yule mama yakija kwangu na kukaa. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Alinawa mikono taratibu, wenye vidole vitano na wenye vitatu.

"Ameuliza lini?"

"Jana," nikasema.

"Basi yuko njiani."

Aliuacha muhogo majini. Alichukua blanketi, rozari, jembe, na baada ya kufikiri akaliacha jembe. Jirani, mama mmoja mwenye watoto wengi, aliahidi kuutoa muhogo ukiiva na kumwambia kila atakayeuliza kwamba hajui. Hosea alimpeleka Speciosa kwanza, mimi na Goreti tukakodi pikipiki nyingine, na kabla ya alasiri alikuwa ndani ya nyumba yangu ya chuo, ameketi ukingoni mwa kiti kama mgeni anayengojea kuambiwa aondoke. Nilimpa chumba cha mwanangu aliyekwisha kuhama. Aliniita mama mwalimu. Kila aliponiita hivyo niliona aibu mpya.

Tulikwenda polisi, dawati la jinsia, na afande wa pale alikuwa mwanamke mwelewa. Aliandika yote. Lile la panga lilishaandikwa Kibondo wakati ule, mtu akatoweka ng'ambo mpaka likapoa, aliahidi kulifufua. Kuhusu swali la kwenye ukurasa, alinitazama kwa huruma akauliza: huyu mtu amefanya nini, mwalimu, zaidi ya kuuliza mbegu? Aliyetoa siri ya Speciosa nilikuwa mimi, na kosa langu halina kifungu. Mkuu wa idara naye alisema hakuna kanuni niliyovunja. Ningependa ingekuwepo.

Siku ya pili simu yangu ilitetemeka juu ya meza. Ulikuwa ujumbe kutoka kwenye ile akaunti, kwangu peke yangu. Ilikuwa picha ya umubirizi, imepigwa asubuhi, mwanga mzuri, tawi limeshikwa na mkono wa mwanamume. Alikuwa ameweka hata kalamu pembeni ya jani, kama wanafunzi wangu. Chini yake aliandika jina la mmea, akaandika Kitanga, shamba la tatu kushoto, akaandika tarehe ya siku ile. Mstari wa nne ulisema: mwenye kuonyesha hayupo.

Tangu hapo niliishi nikisikiliza. Speciosa hakutoka hata uani. Alifagia nyumba ambayo ilikuwa imekwisha kufagiwa, akapika ugali wa muhogo ambao mimi siuwezi, nikaula wote. Goreti alikuja darasani akakaa mbele, hakuniuliza kitu, hakunisamehe pia. Nilifundisha seli za mimea nikitazama mlango.

Yule mwanamume alikuja baada ya wiki, mchana kweupe, wakati wa mapumziko ya chai. Nilikuwa peke yangu ofisini. Alibisha hodi, akasubiri kukaribishwa, akavua kofia. Mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, viatu safi licha ya tope. Aliniamkia shikamoo na mdomo wangu kwa mazoea ukajibu marahaba. Mkononi alikuwa na kifurushi cha gazeti lililolowanishwa. Alikifungua juu ya meza yangu: vipande vya umubirizi, vimekatwa kwa mshazari inavyotakiwa.

"Mimi ndiye niliyekusumbua kwa lile swali," alisema. "Nilifika, mwalimu. Ulielekeza sawasawa. Ila mwenye shamba kahama, nikasema mwalimu atajua."

Kutoka kiti kile hadi mlango wa nyumba yangu ni mwendo wa dakika tatu. Nilifikiria hilo tu. Nikasema picha zile huletwa na wanafunzi, na waliozileta wameshamaliza, wameondoka.

"Picha ni ya mwezi huu," alisema kwa upole. "Tarehe mliandika."

Nilivitazama vile vipande vya mti. Miaka yote nimekuwa mtu wa majibu kamili, na sasa nilitakiwa kudanganya mara moja tu, vizuri, na sikujua pa kuanzia. Nikasema amerudi Burundi. Amevuka Jumapili na watu wa kwao, mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyeniambia.

Akavaa kofia yake.

"Asante, mwalimu. Wewe siku zote unaeleza vizuri. Leo umeeleza kwa kifupi."

Alitoka akafunga mlango polepole, usigonge. Nilimpigia afande, nikakosea namba mara mbili, nikampata. Polisi walipofika alikuwa ameshaondoka. Baadaye walimpata Mabamba, wakamhoji, akakubali kila alichoambiwa kwa adabu, akaonywa, akatia saini. Lile la panga bado liko mahakamani, linaahirishwa. Yeye yuko nje.

Baada ya hapo nilifundisha mihula mingine minne kwa picha, kwa sababu Hosea alisema tukiacha, tutakuwa tumewanyima wengine kwa ajili ya kosa langu. Ukurasa tuliufunga, anaingia wa darasa tu. Mahali tunaandika wilaya na aina ya udongo. Mwenye mkono unaopigwa picha anaulizwa kwa lugha ya nyumbani kwake, na mwanafunzi haambiwi aeleze sababu ya kukataliwa. Akisema mwenye shamba hapendi, mwalimu anasema sawa na kuendelea na kazi. Hilo la mwisho ndilo ninalowaomba mlishike. Sikuliandika kwenye mwongozo wa idara kwa ajili ya mapambo. Goreti alihitimu, sasa anafundisha sekondari, hunisalimia kwa simu sikukuu zikifika. Mimi simu ikitetemeka mezani bado hutazama mlango kwanza, hata kama ni tangazo la bando.

Lakini nimalizie na siku ile ile aliyokuja ofisini, kwa sababu ndiyo ninayoiota. Nilitembea kwenda nyumbani nikizunguka njia ya maktaba, nisije nikafuatwa, nikigeuka nyuma kila hatua. Hosea, niliyempigia baada ya afande, alikuwa amenitangulia kwa njia ya nyuma. Speciosa alikuwa amesimama jikoni, blanketi limekunjwa, rozari imo ndani yake.

"Aliuliza kwa upole?" aliniuliza.

"Kwa upole."

Alitikisa kichwa. "Basi hajamaliza."

Nilimwomba abaki. Nilimwambia afande anakuja, nyumba ina geti, mimi nitalala mlangoni. Nilisema mengi. Alinisikiliza kama mtu anayemsikiliza mtoto, kisha akasema kaka yake alishapata mahali tangu juzi, gari linangoja nyuma ya zahanati, Hosea atamfikisha hapo. Akanishika mkono kwa ule mkono wenye vidole vitatu. Ulikuwa na joto na nguvu kuliko wangu.

"Mama mwalimu, umenikalisha vizuri," alisema. "Sina ubaya na wewe. Nikwambie ninakokwenda, siku moja uje unisalimie. Ni huko..."

Nilimziba mdomo kwa kiganja changu.

"Usiniambie," nilisema. "Mimi nikiulizwa, naeleza vizuri."

Alinitazama juu ya kiganja, macho yakiwa karibu sana na yangu, mpaka nikaona ameelewa. Nikauondoa mkono. Akachukua blanketi lake, akatoka kwa mlango wa uani, na mimi nikageukia ukuta ili nisione pikipiki imekata kona ya upande gani.